Victor Sjöström na Mtazamaji wa Wasini: Urithi wa Bingwa wa Mwanzo wa Sinema

Utangulizi

Sinema ni sanaa changa ikilinganishwa na ushairi, ngano au uchongaji. Hata hivyo umri wake umekwisha kupita karne moja, na kazi za mabingwa wake wa mwanzo zinastahili kuchunguzwa kama zinavyochunguzwa kazi za watunzi wa tenzi. Mmoja wa mabingwa hao ni Victor Sjöström wa Uswidi, aliyezaliwa mwaka 1879 na kufariki mwaka 1960. Nje ya nchi yake jina lake halijulikani kwa umma. Lakini miongoni mwa wapenzi wa sinema za kale anao wafuasi wanaozitazama filamu zake mwaka hata mwaka, na miongoni mwa waongozaji wa filamu anao wanafunzi ambao hakupata kuwaona kwa macho.

Makala haya yanakusudia kueleza urithi wa kisanaa alioacha Sjöström, na kuupima kwa mtazamaji mmoja mahsusi, yaani mtu wa kisiwa cha Wasini katika pwani ya kusini ya Kenya. Kipimo hiki hakikuchaguliwa kwa mzaha. Wakati ambapo mbinu za Sjöström na wenzake zilikuwa zimekwisha kuenea duniani, watengenezaji wa filamu wa serikali ya kikoloni ya Kiingereza walishikilia kwamba Mwafrika wa kijijini hana uwezo wa kuzifuata mbinu hizo. Ikiwa dai hilo lilikuwa la kweli, basi urithi wa Sjöström haumhusu mtu wa Wasini. Ikiwa lilikuwa la uongo, yafaa ijulikane ni kitu gani alichonyimwa, na ni kitu gani anachoweza kukidai leo.

Maisha na kazi

Sjöström alizaliwa Silbodal, katika jimbo la Värmland, magharibi ya Uswidi. Wazazi wake walihamia Marekani angali mtoto mchanga, akakulia Brooklyn, New York. Mama yake alifariki Victor akiwa na umri wa miaka saba, na baadaye kijana huyo alirudishwa Uswidi akalelewa na jamaa zake. Alianza kazi ya uigizaji wa jukwaani akiwa bado kijana, akaifanya kwa miaka mingi kabla ya kuigusa kamera.

Mwaka 1912 Charles Magnusson, mkuu wa kampuni ya filamu ya Svenska Biografteatern, alimwajiri pamoja na Mauritz Stiller, na wawili hao ndio walioijenga sinema ya Uswidi. Filamu ya kwanza ya Sjöström, Trädgårdsmästaren, yaani Mtunza Bustani, ilipigwa marufuku na wakaguzi wa filamu wa nchi yake. Ikadhaniwa kuwa imepotea kabisa hadi nakala yake ilipogunduliwa Marekani mwaka 1980. Mwaka uliofuata, 1913, alitoa Ingeborg Holm, kisa cha mjane anayeingia katika nyumba ya maskini na kunyang'anywa watoto wake, ambao wanagawiwa kwa walezi. Mwanawe mdogo anapoletwa kumwona hamtambui mama yake, na mama anarukwa na akili. Filamu hiyo ilizusha mjadala mkali nchini Uswidi juu ya jinsi sheria zilivyowatendea maskini.

Baina ya mwaka 1912 na 1923 aliongoza filamu zipatazo 40 katika nchi yake. Nyingi hazipo tena, kwa sababu kanda za zama zile zilikuwa nyepesi kushika moto, na mwaka 1941 mlipuko na moto uliteketeza ghala la kanda za kampuni hiyo huko Stockholm. Mwaka 1923 alikwenda Hollywood, ambako jina lake liliandikwa Seastrom ili Wamarekani waweze kulitamka. Huko aliongoza, miongoni mwa nyingine, He Who Gets Slapped mwaka 1924 na The Wind, yaani Upepo, mwaka 1928. Zama za filamu zenye sauti zilipoingia alirudi nyumbani, akafanya zaidi kazi ya uigizaji. Filamu yake ya mwisho kuiongoza ilitoka mwaka 1937.

Bahari kuwa mhusika

Filamu iliyomtofautisha Sjöström na waongozaji wengine wa wakati wake ni Terje Vigen ya mwaka 1917, iliyotokana na shairi refu la mwandishi wa Norwe, Henrik Ibsen. Terje ni baharia. Mwaka 1809 manowari za Kiingereza zimezifunga njia za bahari na njaa imeingia nchini mwake. Akiwa na mke na binti mchanga, Terje anashika makasia na kuvuka peke yake hadi Denmark kutafuta shayiri. Anaporudi, akiwa karibu kufika, anakamatwa. Chakula chake kinazama mbele ya macho yake, na yeye anachukuliwa mfungwa. Anapofunguliwa, miaka mitano baadaye, anakuta mkewe na mwanawe wamekwisha kufa. Miaka inapita. Siku moja ya dhoruba anakwenda kuokoa chombo kinachotaka kuzama, na ndani yake anamkuta nahodha yule yule aliyemkamata, pamoja na mke na mtoto wake. Kisasi kimo mikononi mwake. Anamnyanyua mtoto, kisha anamwacha salama.

Kabla ya hapo filamu nyingi zilitengenezwa kama michezo ya jukwaani iliyopigwa picha. Mandhari ilikuwa pazia la nyuma. Sjöström, ambaye mwenyewe aliigiza nafasi ya Terje, aliitoa kamera nje na kuipeleka kwenye mawimbi. Katika filamu hiyo bahari humpa mtu riziki na humnyang'anya. Hutulia wakati moyo wa Terje umetulia na hucharuka wakati moyo wake unachafuka. Katika Berg-Ejvind och hans hustru ya mwaka 1918, milima na theluji vinafanya kazi hiyo hiyo. Katika The Wind, ambapo msichana mgeni anateswa na upepo usiokoma wa jangwani, kilichokuwa hakiwezi kuonekana kimefanywa mhusika mkuu, nao upepo wenyewe ulitengenezwa kwa propela za ndege huko jangwani Mojave. Kwa namna hii Sjöström aliifundisha sinema jambo ambalo washairi wa pwani ya Afrika Mashariki walilijua zamani, kwamba kuisemea bahari ni kumsemea binadamu.

Kwa mtu wa Wasini kisa cha Terje hakihitaji tanbihi. Kisiwa chake kimetengwa na Shimoni kwa mlango mwembamba wa bahari. Hakina mto wala chemchemi ya maji matamu. Wakazi tangu zamani hukinga maji ya mvua katika mabirika, na mvua zinapoadimika huyavusha maji kutoka bara kwa vyombo. Mtu anayejua maana ya kupiga kasia ili wa nyumbani mwake wapate kunywa ataielewa safari ya Terje kabla ya maandishi yoyote kutokea kwenye kitambaa. Ataelewa pia, pengine kuliko mtazamaji wa mjini, uzito wa ile picha ya shehena inayozama karibu na nyumbani.

Gari la mauti

Kilele cha kazi ya Sjöström ni Körkarlen, yaani Mwendesha Gari, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Januari 1921. Chanzo chake ni riwaya ya mwaka 1912 ya Selma Lagerlöf, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, aliyetunukiwa mwaka 1909. Lagerlöf naye alitoka Värmland kama Sjöström, na kazi zake zimekolezwa na visasili na visa vya watu wa vijijini.

Msingi wa kisa ni imani kwamba mtu wa mwisho kufa katika mkesha wa Mwaka Mpya, saa sita ya usiku inapogonga, hulazimika kuendesha gari la mauti mwaka mzima, akizikusanya roho za wafu. David Holm ni mlevi aliyewatesa mkewe na watoto wake. Katika mkesha huo, huku dada mmoja wa Jeshi la Wokovu aliyejaribu kumwongoa akiwa kitandani anakufa kwa kifua kikuu, David anakaa makaburini akinywa na wenzake. Anawasimulia habari ya rafiki yake Georges, aliyepata kumweleza juu ya gari hilo na ambaye alikufa mkesha wa mwaka uliotangulia. Ugomvi unazuka, David anapigwa na kuanguka, saa inagonga, na gari linafika. Mwendeshaji ni Georges. Kabla ya kumkabidhi hatamu, Georges anampitisha David katika maisha yake yaliyopita, mpaka roho yake ngumu inavunjika.

Mambo mawili ya ufundi yaliwastaajabisha watazamaji. La kwanza ni jinsi wafu wanavyoonekana. Roho ya David inainuka kutoka mwilini, na gari na farasi wake wanapita huku vitu vilivyo nyuma yao vikionekana kupitia kwao. Mpiga picha, Julius Jaenzon, alilifanya hilo ndani ya kamera yenyewe. Kwanza alipiga mandhari na watu walio hai. Kisha ukanda ulirudishwa nyuma na kupitishwa tena, mara hii ukipokea picha ya mzuka peke yake. Kwa kuwa kamera iliendeshwa kwa mpini wa mkono, mara ya pili ilibidi mkono uzunguke kwa mwendo ule ule wa mara ya kwanza. Ziko sehemu ambazo ukanda ulipitishwa hata mara nne. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Katika picha moja gari la mauti linakwenda juu ya mawimbi, na mwendeshaji anashuka hadi chini ya bahari kumchukua mtu aliyezama.

La pili ni mpangilio wa wakati. Kisa hakiendi kwa mstari ulionyooka. Kinaanza usiku wa mkesha, kinarudi nyuma David anaposimulia habari za Georges, na ndani ya masimulizi hayo Georges naye anasimulia hadithi ya gari. Kisha kinarudi makaburini, na baadaye kinarejea tena katika mwaka uliopita. Mtazamaji anapewa tabaka juu ya tabaka la wakati, na anaaminiwa kuzipanga mwenyewe. Mbinu rejeshi, kama inavyoitwa na wahakiki wa fasihi, ilikuwa imetumiwa katika filamu kabla ya hapo, lakini ni nadra ilikuwa imejengwa kwa matabaka mengi namna hii bila kumpoteza mtazamaji.

Mkazi wa Wasini, kisiwa cha Waislamu chenye misikiti ya miaka mingi, hatalikubali gari hilo kuwa ni itikadi yake. Kwake mwenye kutoa roho ni Izraili, wala kazi hiyo haipokezanwi na walevi. Lakini kuikataa itikadi si kushindwa kufahamu kisa. Ngano za pwani zimejaa majini, mizimu na watu waliorudi kutoka kusikorudika, na msikilizaji mzima huzipokea kwa kutafuta funzo. Funzo la Körkarlen, kwamba mtu ataonyeshwa matendo yake siku ambayo hana tena la kuyarekebisha, si geni msikitini wala barazani.

Lugha ndogo na filamu bubu

Liko swali ambalo mwanafunzi wa lugha hana budi kuliuliza. Uswidi ya mwaka 1920 ilikuwa nchi ya watu wasiofika milioni 6, na Kiswidi hakikusomwa sana nje ya Skandinavia. Ilikuwaje kazi zilizotoka katika lugha ndogo kiasi hicho zikatazamwa Ulaya nzima na Marekani?

Sehemu ya jibu imo katika tabia ya filamu bubu. Maneno yake yaliandikwa katika vipande vilivyotiwa baina ya picha, na filamu ilipovuka mpaka vipande hivyo vilitolewa vikawekwa vingine katika lugha ya wenyeji. Mahali pengine, kama Japani, alikaa kando ya kitambaa msimulizi wa kazi, aitwaye benshi, akawatamkia wahusika maneno na kuieleza hadhira kinachotokea. Lakini jibu kubwa zaidi ni kwamba Sjöström na Lagerlöf hawakuacha kuwa watu wa Värmland ili wapate kueleweka. Walichukua visa vya kwao, wakavitia katika umbo lililo imara, na umbo hilo likavibeba. Ukubwa wa lugha haukuwa kikwazo, wala uchache wa wasemaji haukuwa sababu ya kuona haya.

Mtazamaji wa Kiafrika machoni mwa wakoloni

Miaka kumi na minne baada ya Körkarlen, mwaka 1935, ulianzishwa mradi wa majaribio ya filamu za elimu kwa Waafrika huko Vugiri, katika milima ya Usambara, mahali ambapo kwa mwendo wa ndege pako zaidi kidogo ya kilomita 100 kutoka Wasini. Mradi ulipata fedha kutoka Shirika la Carnegie la New York na ulisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari. Upande wa filamu uliongozwa na L. A. Notcutt, na upande wa elimu na G. C. Latham. Hadi ulipokoma mwaka 1937 ulikuwa umetoa filamu zipatazo 35, juu ya kilimo, afya, kodi, akiba ya Posta na mambo kama hayo. Sauti ilirekodiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine za eneo, na ikapigwa sambamba na picha.

Kwa upande wa lugha mradi huo ulikuwa na jambo la kusifiwa, kwani uliwasemesha watu kwa lugha wanazozijua. Lakini ulimwona mtazamaji kuwa ni mwanafunzi wa kufundishwa, na sanaa ilikuwa gari la kubebea agizo. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Idara ya Filamu za Makoloni, iliyoongozwa na William Sellers, ambaye kabla ya hapo alikuwa afisa wa afya Nigeria. Sellers aliufanya mtazamo huo kuwa kanuni. Filamu ya Waafrika, alifundisha, iende polepole. Picha zikae muda mrefu. Mfuatano wa matukio usikatwe. Wala isitumiwe hila yoyote ya kamera inayobadilisha wakati au mahali kwa ghafla. Sababu iliyotolewa ni kwamba mtazamaji asiyesoma angechanganyikiwa.

Ukizitazama kanuni hizo kwa makini utaona kwamba zinakataza, moja baada ya nyingine, karibu kila kitu kilichomfanya Sjöström awe Sjöström. Wafu wanaopitisha mwanga, hadithi iliyomo ndani ya hadithi, mruko kutoka mkesha wa leo hadi mwaka uliopita, vyote vilihesabiwa kuwa ni vizito mno kwa mtu wa kijijini wa Afrika. Mwanakijiji wa Uswidi, ambaye katika mwaka 1921 naye hakuwa amezaliwa na sinema, hakuwekewa mpaka huo.

Ushahidi wa pwani

Dai la Sellers na wenzake linapingwa na ushahidi wa aina tatu kutoka pwani yenyewe.

Ushahidi wa kwanza ni fasihi. Hadithi za Alfu Lela Ulela zimesimuliwa pwani kwa muda mrefu, na tafsiri yake ya Kiswahili ilikwisha kuchapwa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Muundo wake mzima ni hadithi ndani ya hadithi. Shahrazadi anamsimulia mfalme habari za mvuvi, mvuvi anamsimulia jini habari za mfalme mwingine, na mfalme huyo naye ana la kusimulia. Msikilizaji aliyezifuata hadithi hizo kwa masikio tu, gizani, bila picha ya kumsaidia, hawezi kusemwa kwamba atapotea David Holm anapokumbuka maneno ya Georges.

Ushahidi wa pili ni historia ya sinema katika miji ya pwani. Mwaka ule ule wa 1921 Körkarlen ilipotoka, jumba la sinema la Royal, lililosanifiwa na J. H. Sinclair, lilifunguliwa mjini Unguja. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 juu ya sinema za Tanzania, ameonyesha jinsi watazamaji wa Unguja, Tanga na Dar es Salaam walivyozipenda filamu za Kihindi, na kwa namna ya pekee Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951. Awara inaanzia mahakamani, ambapo kijana ameshitakiwa, kisha inarudi nyuma kabla ya kuzaliwa kwake na kueleza yaliyomfikisha kizimbani. Ni mbinu rejeshi iliyo wazi, katika lugha ambayo wengi wa watazamaji Waswahili hawakuisema. Watu hao waliifuata, wakaijadili, wakaimba nyimbo zake. Katika miaka hiyo hiyo magari ya sinema ya serikali yalikuwa yakiwapelekea ndugu zao wa mashamba filamu za mwendo wa kobe.

Ushahidi wa tatu ni wa hivi karibuni zaidi. Mikanda ya video ilipoenea katika Afrika Mashariki, walitokea wasimulizi waliozigeuza filamu za kigeni kwa sauti zao wenyewe katika vibanda vya video. Tanzania alipata umaarufu Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Kenya ametajika DJ Afro. Wasimulizi hawa hufasiri, huongeza, hukejeli na kumpa mhusika wa ng'ambo jina la mtaani. Bila ya kupata darasa la Kijapani wameifufua kazi ya benshi, na ndani yake umo ufundi wa mtambaji wa ngano. Wao hawakuanza kwa kuuliza kama hadhira ina akili ya kutosha. Waliijua hadhira yao, wakaisemesha kama mtu mzima anavyosemeshwa.

Kwa ushahidi huu ni haki kusema kwamba mtazamaji wa Wasini hakukosa uwezo wa kuupokea urithi wa Sjöström. Lililokosekana ni imani ya wale walioshika kamera.

Wasini na kamera

Jambo hili si la historia tu. Tangu miaka ya 1970, ambapo maeneo ya bahari ya Kisite na Mpunguti yaliwekwa chini ya hifadhi, sehemu hii ya pwani imetembelewa na wageni wengi wenye kamera. Wanapiga picha za pomboo, samaki na matumbawe, na katika kisiwa chenyewe hupiga picha za bustani ya matumbawe ambayo akina mama wa Wasini wameitengenezea ulalo wa mbao. Picha hizo ni nzuri na zina faida kwa wenyeji. Hata hivyo, mara nyingi watu wanaoonekana ndani yake hupita kama pazia la nyuma, na aghalabu ni bubu.

Kisa hakikosekani. Wavumba wana historia ya utawala wa Madiwani, wenye siwa na desturi zao za kutawazwa, ambao hata baada ya makao yao kuhama Vumba Kuu waliendelea kurudi huko kumsimika mtawala mpya. A. C. Hollis alichapisha habari za historia hiyo mwaka 1900. Lahaja yenyewe, Kivumba, ilichunguzwa na H. E. Lambert katika kitabu alichokichapisha mwaka 1957. Ng'ambo ya mlango, Shimoni, liko pango ambalo wenyeji hulihusisha na biashara ya watumwa. Mahali penye mambo haya hapahitaji kungojea kisa kutoka Hollywood.

Lakini wakati hauko upande wa wenye kungoja. Tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ulioichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na kamati ya lugha iliyofuata mwaka 1930, shule na vyombo vya habari vimekuwa vikitumia lugha sanifu. Usanifishaji ulileta manufaa makubwa kwa taifa. Hasara yake ni kwamba mtoto wa lahaja ndogo huweza kukua akidhani kwamba usemi wa bibi yake ni Kiswahili kilichoharibika. Kitabu huhifadhi maneno ya lahaja. Filamu inaweza kuhifadhi pamoja na maneno hayo sauti, kituo, mkono unaoinuliwa na uso wa anayesikiliza.

Hapo ndipo urithi wa Sjöström unapoweza kuwa na manufaa kwa kizazi cha sasa. Kwanza, unaonyesha kwamba kisa cha mahali padogo, kikisimuliwa kwa uaminifu, hakihitaji kuvuliwa umahali wake ili kieleweke kwingine. Filamu ya Wasini ikisemwa kwa Kivumba, na maandishi ya Kiswahili Sanifu yakawekwa chini ya picha, haitakuwa na upungufu kuliko filamu bubu ya Kiswidi iliyobadilishiwa maandishi yake. Pili, unaonyesha kwamba mlango wa bahari, birika la maji na mwamba wa matumbawe vinaweza kubeba kisa pamoja na watu, badala ya kuwapamba. Tatu, na hili ndilo kubwa, unamtaka mwongozaji amwamini mtazamaji wake. Anayetengeneza filamu kwa ajili ya wanakijiji akianza kwa kuwapunguzia, atakuwa amerithi kwa Sellers, hata kama ni mzaliwa wa kijiji hicho hicho.

Hitimisho

Sjöström hakusahauliwa kwao. Baina ya mwaka 1943 na 1949 alikuwa mkuu wa sanaa katika kampuni ya Svensk Filmindustri, akawasaidia vijana waliokuwa wakianza. Mmoja wao alikuwa Ingmar Bergman, ambaye aliitazama Körkarlen katika ujana wake na akaendelea kuirudia karibu kila mwaka. Mwaka 1957 Bergman alimpa bingwa huyo, aliyekuwa amekaribia umri wa miaka 80, nafasi ya profesa mzee katika Smultronstället, filamu ya mtu anayesafiri huku akiyapitia maisha yake ya zamani, kama David Holm alivyopitishwa katika yake. Mwaka 2000 Bergman akaongoza mchezo wa televisheni kuhusu kutengenezwa kwa Körkarlen yenyewe. Wahakiki wengi pia wamelilinganisha shoka linalovunja mlango katika filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980, The Shining, na lile la David Holm mwaka 1921.

Hivyo urithi wa Sjöström haukubaki katika kanda, ambazo nyingi ziliungua. Ulipita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, kama unavyopita ufundi wa kutamba hadithi. Wasini wapo wazee wanaoijua bahari na lahaja yao, na wapo vijana ambao simu zao za mkononi zina kamera bora kuliko ile aliyoizungusha Jaenzon kwa mkono. Idara za lugha na fasihi za vyuo vikuu, ambazo kwa miaka mingi zimekwenda pwani na daftari na kinasa sauti, zingefaa kuwakutanisha hao wawili, kijana akiongozwa na kisa cha mzee na mzee akisemeshwa kwa lugha yake, kabla mmoja wao hajaondoka.